Niliitikia Jina la Mwangi

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, aliyeniacha hai mpaka nikapata nafasi ya kuona aibu. Wengine hufa kabla hawajaipata. Mimi nimepewa, na nashukuru.

Mimi ni Pasta Kariuki, wa kanisa letu la mabati pale Gitothua, Ruiru. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkiona maneno yamepindapinda mnisamehe, naandika vile ninavyoongea. Wengi mnanijua kwa mguu huu ninaouvuta na kwa sikio la kushoto ambalo halisikii. Wengi pia mmenisikia nikitoa ushuhuda wangu wa kware, yaani machimbo ya mawe. Nimeutoa Thika, nimeutoa Mwihoko, nimeutoa kwa mikutano ya kina mama na hata kwa mazishi ya watu nisiowajua. Leo nautoa tena, lakini huu sio ule. Ule mliousikia ulikuwa na mahali nilikuwa napita mbio.

Kwa asiyenijua, nilikuwa mchonga mawe. Kware yetu ilikuwa nje kidogo ya Thika, shimo refu kama nyumba tatu zikipandana. Kila mtu alikuja na nyundo yake na tindo yake, anakata mawe ya kujengea kuanzia asubuhi mpaka mikono inakosa nguvu ya kushika kikombe. Mwenye kware alikuwa Gathogo. Nyapara wetu alikuwa Githinji. Nawataja kwa majina, na sitaomba radhi kwa hilo, kwa sababu watu wa namna hii wanapenda sana kuitwa "wale jamaa".

Rafiki yangu mle shimoni alikuwa Mwangi. Tulikaa chumba kimoja mtaa wa Kiandutu kabla hatujaoa, tukilala kwa godoro moja, na alikuwa akinicheka nikikoroma. Alioa kwanza. Binti yake wa kwanza akaitwa Wairimu, jina la mama yake Mwangi, vile inavyofanywa kwetu. Kwa hivyo mke wake nitamwita Mama Wairimu, na yule mama mzee aliyemzaa Mwangi nitamwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu.

Sasa sikieni jinsi baruti ilivyokuwa ikipigwa. Mashimo yakishatobolewa kwa mwamba na baruti kuwekwa, sisi wote tunapanda juu. Githinji anasimama pale ukingoni na betri yake na waya, anaita majina yetu moja moja kwa kichwa, tulikuwa watu kumi na wanne. Ukiitwa, unajibu "Juu!" Maana yake umeshapanda. Majina yakiisha, nyapara lazima alale kifudifudi ukingoni aangalie chini kwa macho yake, ndio aguse waya kwa betri. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, kuita na kuangalia.

Lakini sisi tulikuwa na tabia yetu. Githinji alikuwa mtu wa haraka, ukichelewa kupanda anakufukuza hadi wiki ijayo. Basi tulijibiana. Mwenzako akiwa bado kwa njia anapanda, unamwitikia "Juu!" na yeye anafika akitabasamu. Tuliona ni upendo. Tuliona mtu asiyemjibia mwenzake ni mchoyo.

Siku hiyo Mwangi aliniambia tukiwa tunapanda, "Kariuki, nijibie. Nimesahau mtaimbo wangu." Ulikuwa mpya, na mawe yakiuangukia huupati tena. Akageuka akarudi. Mimi nikapanda. Githinji akaanza kuita. Nikajibu langu. Alipofika kwa Mwangi, nilikuwa nimesimama nyuma ya wengine wote, hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikainamisha kichwa, nikafanya sauti nyembamba kama ya Mwangi, nikasema, "Juu!"

Malori yalikuwa yamejipanga yakingoja mawe, na Githinji hakulala chini kuangalia. Mimi ndiye niliyeangalia, na nikaona kofia ya Mwangi kule chini. Nikapiga kelele angoje, nikaanza kushuka ile njia ya miguu. Nilishuka hatua kama kumi. Githinji akagusa waya.

Huo ndio mguu wangu, na hilo ndilo sikio langu. Mwangi alitolewa kesho yake.

Nikiwa hospitali, Githinji na Gathogo walikuja wakasimama kando ya kitanda. Githinji akasema Mwangi alikuwa amelewa, akabaki chini na akajibu akiwa huko huko chini. Alikuwa akinitazama mimi. "Si ndivyo, Kariuki?" akauliza.

Ndugu zangu, Githinji alijua lazima kuna mtu amejibu. Alitaka aliyejibu awe maiti, ili mtu asiulize kwa nini yeye hakuangalia. Na mimi pia nilitaka awe maiti, ili mtu asiulize ilikuwa sauti ya nani. Nikafumba macho kama mtu aliyezidiwa na maumivu. Maumivu nilikuwa nayo, lakini siyo yaliyonifumba macho.

Kwa hivyo Mwangi akazikwa mlevi. Kanisa la mama yake lilikataa kumzika mlevi. Hakukuwa na mchungaji wala wimbo. Niliambiwa Cucu alisimama mbali na kaburi la mwanawe, amejifunika uso kwa kitambaa, na watu wakarudi nyumbani kama waliotoka kufukia taka.

Nilikaa na uchungu miaka mingi. Halafu nikaokoka, na nikaanza kushuhudia. Nikasimama nikasema vile Githinji hakuangalia, vile alivyoua mtu kwa haraka yake, na vile mimi nilivyoshuka kwenda kumwokoa rafiki yangu nikaumia. Kila neno lilikuwa kweli. Watu walilia, wakapiga makofi. Hapo ndipo wito wangu ulipoonekana, na hata mabati ya kanisa letu yalinunuliwa na watu walioguswa na huo ushuhuda. Lakini hakuna siku niliyosema kwamba Mwangi hakuwa amelewa. Sikuthubutu. Ningesema hivyo, mtu mwenye akili angeuliza, kama hakuwa mlevi aliyejibu kutoka chini, basi nani alijibu?

Sasa mwaka huu, kabla ya Pasaka, nikaombwa nihubiri juu ya upatanisho kwa ibada ya pamoja. Nilifurahi. Nikakaa mezani Jumanne asubuhi na karatasi zangu. Mama Njeri, mke wangu, alikuwa upande wa pili anamenya viazi. Mfano wa mwenye dhambi nilikuwa nao tayari. Nilikuwa nimemwandika Githinji kwenye ile karatasi kabla sijamwandika Yesu.

Nikafungua ile sehemu ya Haruni na mbuzi wawili, mmoja wa kuchinjwa na mmoja wa kubebeshwa dhambi za watu na kupelekwa nyikani. Nimeihubiri mara nyingi. Kila mara mimi ndiye nilikuwa yule mbuzi wa nyikani, mtu aliyebebeshwa ya wengine. Lakini asubuhi hiyo sikufika kwa mbuzi. Nilikwama kwa ng'ombe. Maana kabla Haruni hajagusa mbuzi wa watu, anaambiwa kwanza alete ng'ombe kwa ajili ya dhambi yake mwenyewe na ya nyumba yake. Ndipo aingie patakatifu. Nilikuwa nimemruka huyo ng'ombe miaka yote, nikienda haraka kwa mbuzi.

Nikajaribu kuendelea. Nikaandika kwamba upatanisho ni mtu mmoja kusimama mahali pa mwingine na kujibu kwa ajili yake. Nikasoma nilichoandika. Kalamu ikaniponyoka.

Mama Njeri akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia nilimjibia Mwangi. Hakuelewa, nikamweleza yote, polepole, kama ninavyowaeleza ninyi. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Na mimi nimewapikia chai watu wangapi waliokuja kusikiliza huo ushuhuda wako?"

Nikasema sijui.

"Mimi pia sijui. Vaa viatu uende kwa Mama Wairimu."

Nikamwambia wacha nimalize mahubiri kwanza, nitaenda wiki ijayo. Akachukua karatasi zangu akafunikia maganda ya viazi. Nikavaa viatu.

Mama Wairimu anauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pale Kiandutu, kwa wanaume wa vibarua wanaokula kabla ya kwenda kutafuta kazi na wale wanaorudi mchana bila kuipata. Nilifika wakati wa mchana. Aliponiona alisema kwa sauti, wateja wasikie, "Leo pasta amefuata sadaka mpaka kwa sufuria." Wakacheka. Akanipa kiti na sahani, nikashika tu sahani. Nilingoja mpaka wa mwisho akaondoka, ndipo nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Baba Wairimu.

Sikujua pa kuanzia, nikaanza na mtaimbo. Nikamwambia alirudi kuchukua mtaimbo, akaniomba nimjibie, nikamjibia. Nikamwambia ile "Juu!" ilikuwa yangu, niliigeuza sauti. Nikamwambia hospitalini niliulizwa nikanyamaza.

Hakulia. Alichukua steel wool akaanza kusugua sufuria ambayo bado ilikuwa na githeri ndani. Akagundua, akaacha.

"Alikuwa na akili zake?"

"Timamu kabisa. Asubuhi alikunywa chai na mandazi mawili."

"Hayo mandazi nilipika mimi," akasema. Akakaa. Kisha akasema, "Ukija hapa kuhubiri nilikuwa nakaa mbele. Ukisema vile ulishuka kumwokoa, nalia. Siku moja nikakupa kuku. Unakumbuka? Nilikupa kuku, Kariuki."

Hakuniita pasta tena. Nikasema nakumbuka.

"Ulikula?"

"Nilikula."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. Nikashuka kwa magoti pale kando ya jiko niombe msamaha, akaniambia niinuke, nitaungua. "Hapa unaniomba mbele ya maharagwe," akasema. "Yeye walimtukana mbele ya watu. Sema mbele ya watu. Cucu nitamleta mwenyewe. Na usianze na Githinji. Kila mwaka unaanza na Githinji."

Nilirudi Ruiru nikiwa mwepesi na mwenye hofu kwa pamoja. Jioni nikamwita mzee wa kanisa letu, Mzee Waweru, nikamwambia nitakalosema. Alinishauri kwa upole nitubu kwa Mungu peke yake, kwa sababu watu wengi wamejenga imani yao juu ya ule ushuhuda, na nikiubomoa, kanisa linaweza kubomoka nao. Alikuwa ananipenda. Na ilikuwa kweli ningeweza kupoteza kanisa. Sina kazi nyingine, mguu huu haurudi kware. Ijumaa na Jumamosi nilitafuta njia ya kati. Niliandika mahubiri mengine matatu. Moja lilisema "makosa yalitokea". Jingine lilisema "sisi wachongaji". La tatu lilikuwa zuri sana, halikuwa na mtu yeyote ndani. Yote nikayachana.

Jumapili walikuja watu wengi, kutoka Ruiru na Thika. Mama Wairimu aliingia wimbo wa pili ukiimbwa, amemshika mkono Cucu. Yule mama ameinama, ni mdogo kama mtoto wa shule, na fimbo yake. Walikaa nyuma kabisa.

Nikasimama. Sikusalimia. Nilisema, "Mimi, Kariuki, niliitikia jina la Mwangi, na Mwangi alikuwa chini." Nikaeleza yote. Nikasikia mabati yakilia kwa jua, mimi mwenye sikio moja. Nikasema hakuwa amelewa. Alirudi kuchukua chombo chake cha kazi, na aliniamini.

Halafu nikahubiri, ndugu zangu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuhubiri. Nikawaambia, mimi nilijibu kwa ajili ya mwenzangu nikiwa nimesimama mahali salama, na sauti yangu ikamwua. Yesu alijibu kwa ajili yetu akiwa ameshuka mwenyewe kwenye shimo, na hakubadilisha sauti yake. Alipoitwa mwenye dhambi alijibu, na aliyekufa ni yeye. Sisi ndio tuko juu. Huo ndio upatanisho, sijui kuueleza zaidi ya hapo.

Nilikuwa nikiendelea wakati Cucu aliposimama. Fimbo yake ikagonga sakafu mpaka mbele, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akafika, akanitazama kutoka chini.

"Rudia," akasema.

Nikauliza nirudie yapi.

"Ya pombe."

"Mwangi hakuwa amelewa, Cucu."

"Rudia."

"Mwangi hakuwa amelewa."

Akawageukia watu, akangoja. Nikaelewa. Nikasema mara ya tatu kwa nguvu zangu zote, na kina mama wakaanza kulia. Cucu hakulia. Aliketi kwenye kiti changu cha pasta, pale mbele, akasema sasa watu wamwimbie kijana wake wimbo wa mazishi, kwa sababu hakuimbiwa. Tukaimba. Yeye aliimba akiwa ameketi, uso wazi, hana kitambaa, na alijua beti zote.

Namshukuru Mungu kwa huo wimbo kuliko kwa uhai wangu. Namshukuru kwa Mama Njeri na maganda yake ya viazi. Namshukuru kwa Haruni, na kwa yule ng'ombe niliyemruka.

Sitawadanganya tena, kwa hivyo nitasema na yaliyobaki. Familia mbili zimehama kanisa letu, na siwalaumu. Mzee Waweru amebaki, ila ananitazama kama mtu anayengoja kusikia kingine. Mama Wairimu hajaniambia kwamba amenisamehe. Alisema anafikiria, na kwamba nisimharakishe, wanaume wa kware wana haraka sana. Lakini amekuja kanisani Jumapili nne mfululizo. Na Githinji? Githinji anakaa Mwihoko, ana nyumba za kupangisha, ana tumbo. Hakuangalia, na alimwita maiti mlevi, na hilo halijabadilika kwa sababu mimi nimetubu. Nimeanza kumwombea kwa jina. Meno bado yanakaza nikilitaja. Nilifika mpaka geti lake mara moja nikarudi. Niombeeni nibishe hodi.

Ila kitu kimoja kimenitoka, na ndiyo sababu naandika. Ule mzigo niliokuwa naamka nao, nikifikiri ni uchungu wa Githinji, ulikuwa wangu. Bwana ameuondoa. Asubuhi nikiamka natafuta nilipouweka, siupati. Nakaa kitandani nacheka peke yangu kama mwendawazimu, mpaka Mama Njeri ananiambia ninyamaze.

Wewe unayesoma, pengine kuna mtu anayeitwa jina baya kwa sababu wewe ulinyamaza. Pengine amelala kaburini nalo. Usiogope utapoteza nini, mimi niliogopa hayo hayo na bado niko hapa, nakula, nahubiri. Mwamini Yesu, ameshalipa lile ambalo wewe huwezi kulipa. Hilo dogo lililobaki, la kufungua mdomo, amekuachia wewe. Na ukiwa na mtu wa kumwendea, nenda leo, wakati mama wa aliyesingiziwa angali hai.